Kashata za nazi za sendofu zinalowa siku ya tatu: ni ndimu, ni nazi, au ni nailoni?

#1 Mkunaji
Wakuu, habari za jioni. Kuna vifurushi 150 vya zawadi za wageni, sendofu ya nyumbani, ukumbi Tabata. Kila kifurushi kashata 4 za nazi, 2 nyeupe na 2 za pinki, ndani ya nailoni inayong'aa, utepe juu. Zikitoka kwenye sinia hazina tatizo: kavu, zinakatika safi, hazishiki mkononi. Siku ya pili bado nzima. Siku ya tatu zimelowa ndani ya nailoni, pembe zimelainika na pinki imehamia kwenye nyeupe.

Vipimo vya sinia moja: nazi 3 za wastani, sukari kilo 1, maji nusu lita, iliki punje 10 zilizotwangwa, chumvi kidogo, ndimu nusu ili sukari isifanye chengachenga. Shira inachemka mpaka inavuta uzi, nazi inaingia, inakorogwa mpaka inaachana na sufuria. Inamiminwa, inakatwa ikiwa vuguvugu, inafungwa usiku huohuo. Lazima zipikwe siku 3 kabla, maana siku 2 za mwisho ni za pilau na mapambo. Kosa liko wapi?

#2 Ukwaju Mkali
Ndimu hiyo. Itoe, umemaliza kazi.

#3 Mbuzi ya Nazi
Taratibu kwanza. Kati ya kukata na kufunga yanapita masaa mangapi? Kashata ya unene wa sentimita 2 ukiigusa juu imepoa, katikati bado ina moto. Ukiifunga hapo mvuke hauna pa kwenda, unageuka maji juu ya sukari na sukari inayeyuka. Mimi naona ni hilo.

#4 Mkunaji
Masaa 2, wakati mwingine 3. Unene ni sentimita 2 kweli.

#5 Fundi Shira
Namuunga mkono wa #2 lakini tueleze sababu, maana watu wanatia ndimu kwa mazoea.

Sukari ya kawaida ikichemka pamoja na tindikali inavunjika vipande viwili, glukosi na fruktosi. Kadiri unavyochemsha muda mrefu ndivyo inavyovunjika zaidi, na kashata ya nazi inakaa motoni nusu saa na ushee. Sasa fruktosi ina uchu wa maji. Sukari ya kawaida iliyoganda na kukauka inaanza kulowa pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 85 hivi. Fruktosi inaanza kwenye 62 hivi, na zikichanganyika mambo yanakuwa mabaya zaidi. Hewa ya Dar usiku, hasa masika ya Machi mpaka Mei, haishuki huko chini. Kashata yenye ndimu inakunywa maji hewani hata kama uliipika sawasawa.

Ndimu ni ya shira ya kaimati, ile tunayotaka ibaki majimaji isigande. Kwenye kashata tunataka igande. Ni kazi mbili zinazopingana.

#6 Pwani Asilia
Fundi Shira ameeleza vizuri, ila mnaisahau nazi yenyewe. Nazi mbichi iliyokomaa, ile nyama yake, ina maji karibu asilimia 47 ya uzito na mafuta kama asilimia 33. Mkunaji anatia nusu lita ya maji anayoyajua na karibu nusu lita nyingine asiyoijua iliyomo ndani ya nazi. Na hapo ni nazi iliyokomaa. Ikiwa koroma, maji ni mengi zaidi na mafuta ni kidogo, na sokoni koroma huchanganywa na nazi zilizokwisha kufuliwa, kwa macho huoni tofauti.

Itikise sikioni. Nazi iliyokomaa maji yake yamepungua, yanapigapiga ndani. Koroma imejaa, inakuwa kimya au inasikika kwa mbali. Ukiivunja, nyama ya koroma ni laini na ganda la kahawia nyuma yake ni jembamba, mbuzi inaikwaruza inatoka kama uji badala ya nyuzinyuzi. Hiyo ni ya mchuzi. Kwenye kashata usiitie.

#7 Bi Iliki
Naomba nirekebishe jambo kwenye #1. Shira ya uzi haitoshi kuwa kipimo, kwa sababu baada ya uzi ndipo unaingiza nazi, na nazi inarudisha maji. Ule uzi uliouona umeshafutika. Kipimo cha mwisho kinatakiwa kichukuliwe baada ya nazi kuingia.

Mwenye kipima joto cha jikoni atafute nyuzi 115 hivi katikati ya mchanganyiko. Hapo shira ina sukari kama asilimia 85. Asiye nacho adondoshe tone la ile shira inayochuruzika kwenye bakuli la maji baridi: likiweza kukusanywa kwa vidole likawa kidonge laini, limefika. Likitawanyika, bado.

Njia ya uhakika kuliko zote ni mizani. Nazi 3 za wastani zikikunwa zinakaribia gramu 900. Jumlisha: sukari 1,000, maji 500, nazi 900, ni gramu 2,400. Sukari haiendi popote. Nazi ukitoa maji yake inabaki kama gramu 480. Ongeza maji kama 150 ya kushikilia shira. Kwa hiyo chakula kinatakiwa kibaki kilo 1.6 na kidogo. Pima sufuria tupu mwanzo, pima tena ikiwa na kashata. Ukikuta kilo 1.9, bado una robo lita ya maji ya kuondoa hata kama inaachana na sufuria. Nazi yenye mafuta mengi inaachana na sufuria mapema, mafuta ndiyo yanayoiteleza, si ukavu.

#8 Mtaa wa Pili
Bi Iliki, sasa kashata zinapimwa kama dhahabu ya sonara. Bibi zetu wa Mafia walipima na nini?

#9 Bi Iliki
Walipima kwa mkono uliopika maisha yote, na walipika za kuliwa jioni ileile. Hakuna aliyezifungia ndani ya nailoni siku 3. Kazi imebadilika, kipimo nacho kibadilike.

#10 Tandika Sokoni
Nimesoma mpaka hapa na wote mmechukulia kwamba ni maji. Nani kahakikisha? Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Dar mchana hatuko chini ya hapo karibu mwaka mzima. Ndani ya nailoni, kwenye chumba kilichofungwa, mafuta yanatoka kwenye nazi taratibu na kupanda juu. Anayeyaona anasema "imelowa".

Mkunaji fanya hivi. Futa ule ulowevu kwa karatasi nyeupe ya daftari, iache ikauke masaa 3. Doa likibaki linapitisha mwanga, ni mafuta. Karatasi ikikakamaa na kunata, ni shira.

#11 Ukwaju Mkali
Mafuta hayanati. Yeye amesema pembe zimelainika na rangi imehama. Rangi ya chakula ya unga inayeyuka kwenye maji, haihami ndani ya mafuta. #10 hapo umeteleza.

#12 Tandika Sokoni
Hajasema zinanata, soma tena #1. Amesema zimelowa. Na rangi za maji zipo, za mafuta zipo. Tusubiri karatasi.

#13 Mkunaji
Karatasi ya kipande kilichobaki tangu juzi: imekakamaa NA ina doa linalopitisha mwanga. Rangi ni ya unga, inayeyushwa na maji. Nazi zilikuwa mchanganyiko, 2 zinapiga, 1 kimya.

#14 Pwani Asilia
Moja kimya! Hiyo ni koroma, theluthi ya nazi yote.

#15 Fundi Shira
Koroma ingeongeza maji ndani ya sufuria, na maji ya sufuria yanajionyesha siku ya kwanza: kashata haingekatika safi. Yeye anasema siku 2 za mwanzo ziko nzima. Kinachochelewa mpaka siku ya tatu ni kitu kinachoingia kutoka nje kidogokidogo. Hiyo hiyo inaiondoa hoja ya mvuke ya #3, maana mvuke ungeonekana asubuhi ya kwanza kama matone ndani ya nailoni.

#16 Mbuzi ya Nazi
Si lazima. Mvuke kidogo hautoi matone, unanyonywa na sukari ya juu usiku uleule, halafu unasambaa. Ukigusa asubuhi ni kavu. Unyevu umeshaingia, unasubiri joto la mchana. Mpike sinia moja, nusu ifungwe baada ya masaa 2, nusu ilale usiku mzima chini ya kawa, vyote kwa nailoni ileile. Ndipo tutajua.

Na pangaboi lisielekezwe kwenye sinia dirisha likiwa wazi. Aliyepo Kigamboni au Msasani karibu na bahari anapulizia kashata hewa yenye unyevu usiku kucha akidhani anazikausha.

#17 Karatasi na Utepe
Nizungumzie nailoni, maana hakuna aliyeigusa. Zinazouzwa Kariakoo kama nailoni ya zawadi ni aina mbili zinazofanana kwa macho. Moja ni selofani halisi, imetokana na miti. Ile isiyopakwa kitu inapitisha unyevu, hata ukiifunga kwa utepe mara kumi. Nyingine ni plastiki ya polipropilini, hiyo inazuia unyevu vizuri zaidi. Kata kipande kidogo ukiguse na kiberiti, nje na mbali na vitu: selofani inaungua kama karatasi na kuacha majivu, plastiki inayeyuka na kujikunja.

Halafu utepe haufungi hewa. Mdomo wa mfuko uliokusanywa na utepe una mikunjo 20, kila mkunjo ni mlango. Mwenye mashine ya kuziba kwa moto azibe kwanza, utepe uwe pambo. Asiye nayo apitishe pasi ya moto mdogo juu ya karatasi ya kuokea iliyowekwa kwenye mdomo wa mfuko. Pasi isiguse plastiki moja kwa moja.

#18 Mama Kipaimara
Samahani naingilia, hiyo mifuko si ilikatazwa?

#19 Karatasi na Utepe
Iliyopigwa marufuku kuanzia Juni 1, 2019 ni mifuko ya plastiki ya kubebea. Plastiki ya kufungashia vyakula vinavyotengenezwa haikuwa kwenye katazo lile. Usiwape wageni vifurushi vyao ndani ya mfuko mwingine wa plastiki wa kubebea, tumia vikapu vidogo vya ukili au mifuko ya karatasi. Vikapu vya ukili vianikwe juani siku nzima kabla ya kupangwa. Ukili mbichi una unyevu, unaota ukungu, na harufu yake inaingia kwenye kashata.

#20 Mtaa wa Pili
Kwa nini msifanye za karanga tu? Karanga haina maji, haina koroma, haina kelele zote hizi.

#21 Bi Iliki
Mtaa wa Pili hapo umegusa moto. Kashata ya karanga ya kuyeyusha sukari bila maji, sukari nusu kilo kwa karanga nusu kilo zilizokaangwa na kumenywa, ni nzuri siku hiyo, lakini kwa hewa yetu ni dhaifu kuliko ya nazi. Sukari iliyoyeyuka ikawa hudhurungi haigandi kwa chenga, inaganda kama kioo, na kioo cha sukari kinavuta unyevu haraka sana. Ukiiacha wazi kwenye meza usiku mmoja wa masika, asubuhi inashika meno. Hiyo ndiyo inayotaka mfuko uliozibwa kwa moto ndani ya saa moja baada ya kupoa.

Mkitaka karanga zinazokaa, tengenezeni zile nyeupe: sukari vikombe 2, maji kikombe 1, chemsha mpaka kidonge laini, epua, tia karanga na iliki, koroga kwa nguvu nje ya moto mpaka sukari ipauke na kuwa unga juu ya karanga. Chenga ndogondogo ndizo zinazostahimili.

#22 Tandika Sokoni
Na karanga zichaguliwe moja moja. Yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyogeuka rangi itupwe, isipewe hata kuku. Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kukaanga. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kule ilikuwa kwenye mahindi, lakini karanga nazo ni makazi yake. Pia kwenye kifurushi andikeni "ina karanga", kuna wageni na watoto ambao karanga zinawadhuru.

#23 Fundi Shira
Alichosema Bi Iliki kuhusu chenga ndogo kinahusu nazi pia, na ndiyo sababu ya pili ya kuiondoa ndimu. Mkunaji anaogopa chengachenga. Chengachenga kubwa zinatokana na sukari iliyoshika kwenye kingo za sufuria ikarudi ndani, au kukoroga shira ikiwa bado inapanda moto. Dawa yake: futa kingo kwa brashi iliyolowa maji, usikoroge shira kabla nazi haijaingia, na ukishaepua koroga kwa nguvu dakika 2 au 3 mpaka mng'ao upotee na iwe nzito. Chenga zitakuwepo lakini ndogo kiasi ulimi hauzioni. Kashata iliyomiminwa ikiwa bado inang'aa haijaanza kuganda.

#24 Ukwaju Mkali
Kuepua na kukoroga ni dakika 2, ikizidi inagandia kwenye sufuria na hutaimimina tena. Sinia iwe imeshapakwa samli.

#25 Mama Kipaimara
Na mimi nauliza kwa ajili ya kipaimara: nikikaanga nazi kwanza ili maji yatoke, inafaa?

#26 Pwani Asilia
Inafaa sana. Sufuria pana kavu, moto mdogo, nazi itandazwe nyembamba, geuza bila kuacha dakika 10 mpaka 15. Ikome kabla haijageuka rangi, ukiishika iwe inaachana badala ya kushikamana. Za nyeupe zikipata hata hudhurungi kidogo zinaonekana chafu. Baada ya hapo punguza maji ya shira yawe robo lita.

#27 Mbuzi ya Nazi
Wengine wanakamua tui zito kidogo kwanza, wanapikia machicha. Inapunguza maji na mafuta kwa pamoja, kwa hiyo inajibu hata hoja ya #10.

#28 Pwani Asilia
Machicha! Hapo mgeni anatafuna ufagio wenye sukari. Ladha yote ya nazi iko kwenye yale mafuta. Afadhali zilowe.

#29 Mbuzi ya Nazi
Nimesema kidogo. Mkono mmoja, bila kuongeza maji, tui linalotoka ni kama robo kikombe kwa nazi moja. Halijawa machicha hilo. Lipeleke kwenye visheti: unga nusu kilo, samli vijiko 3 vya kulia, tui vuguvugu kiasi cha kukandia, kata, kaanga kwa mafuta ya moto wa kati. Shira yake vikombe 2 vya sukari na kikombe 1 cha maji, bila ndimu, mimina visheti, geuzageuza mpaka vipauke. Vikiwa vimekaangwa mpaka ndani vinakaa wiki kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Kwa zawadi ya wageni 150 mimi ningechanganya: kashata 2, visheti kiganja kimoja, kila kimoja mfuko wake.

#30 Karatasi na Utepe
Hilo la mfuko wake ni muhimu. Kashata ina maji zaidi ya visheti. Zikikaa pamoja, visheti vitayanyonya na kupoteza ukavu wake.

Kuhusu rangi kuhama: nyeupe na pinki zisigusane mpaka mwisho. Weka kipande cha karatasi ya kuokea katikati, au zimiminwe tabaka mbili kwenye sinia moja, nyeupe chini, pinki juu baada ya dakika 5, ziwe kipande kimoja. Hapo rangi hata ikishuka kidogo inaonekana ni makusudi.

#31 Tandika Sokoni
Msiweke friji. Ikitoka kwenye baridi na kukutana na hewa ya ukumbini inatoa jasho ndani ya dakika chache, na hilo jasho ndilo litakaloziharibu mbele ya wageni.

#32 Mkunaji
Shukrani wote. Napika sinia 3 wikendi hii, nazi zinazopiga tu: ya kwanza kama zamani na ndimu yake, ya pili bila ndimu, ya tatu bila ndimu na nazi iliyokaangwa. Zote mizani ya Bi Iliki, kilo 1.6 na kidogo. Kila sinia nusu inafungwa mapema, nusu inalala chini ya kawa. Nailoni nimeigusa na kiberiti: imeungua na kuacha majivu.

#33 Karatasi na Utepe
Selofani. Nililisema.

#34 Fundi Shira
Hapana, ukibadilisha nailoni pamoja na ndimu hutajua kipi kiliponya. Ya kwanza na ya pili zifungwe kwa nailoni ileile.

#35 Tandika Sokoni
Na ya tatu, kwa kuwa nazi imekaangwa, mafuta yake yatatoka mapema zaidi. Usishtuke ukiona doa kwenye karatasi siku ya kwanza, bado haijathibitisha kwamba mlikosea kuhusu maji.

#36 Pwani Asilia
Na nazi zote zitoke kwenye fungu moja la muuzaji mmoja. Ukichanganya za Mkuranga za wiki hii na zilizolala sokoni wiki 3, sinia hazilingani tena.

#37 Mama Kipaimara
Kuna anayejua za ufuta? Ule wa Lindi, mweupe.

#38 Bi Iliki
Ufuta upepetwe, uoshwe, ukaushwe juani, ukaangwe mkavu mpaka uanze kurukaruka, dakika 5 au 6 kwa moto mdogo. Ukizidi unakuwa mchungu. Gramu 400 za ufuta kwa 300 za sukari. Fungua uzi wake, huu umeshajaa nazi.